Barua kutoka Njiru: Lugha Nyepesi, Nyepesi kwa Nani?

Njiru, Nairobi
Agosti 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Dada na shemeji wanakusalimu sana, na watoto wanauliza lini utapanda gari uje uwaone. Nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi saa nne asubuhi, jambo ambalo Tanga halijapata kunitokea hata siku za masika. Ulinituma kitu kimoja tu: nichunguze ni lugha gani ya kigeni iliyo nyepesi kwa kijana anayejua Kiingereza, ili kitinda mimba wako aianze wakati akingoja chuo kifunguliwe. Ulisema Nairobi wanazisoma lugha za watu kweli kweli. Hukukosea. Nimeuliza barabarani, nimekaa darasani, nimewasikiliza waliozisoma kwa ada na waliozisoma kwa jasho. Jibu ninalo, lakini nataka ulipate kama nilivyolipata mimi, siku kwa siku.

Jumatano ilikuwa ya safari tupu. Alfajiri tulitoka Tanga, tukagongewa mihuri mpakani Horohoro, tukavuka Likoni, na saa tisa alasiri nikawa nimekaa dirishani kwenye treni ya Madaraka Express pale Mombasa. Nauli ni shilingi 1,500 za Kenya, kama 29,000 zetu, na kwa hela hiyo unapelekwa kilomita zaidi ya 470 kwa muda wa saa tano na kitu. Nilitazama minazi ikipungua, udongo wa Tsavo ukiwaka mwekundu, kisha giza likaingia. Milango ya treni ilipofunguliwa stesheni ya Syokimau, hewa iliyonipokea ilikuwa kavu na baridi, hewa ya juu ya mita 1,500, na nikajikuta natafuta harufu ya bahari puani na kuikosa. Shemeji alikuwa ananisubiri na koti mkononi. Mjomba, yule ni mtu wa kuombewa dua.

Alhamisi nikaiona Njiru kwa macho ya mchana. Iko mashariki ya jiji, kwenye barabara iendayo Kangundo, imezungukwa na Kayole, Mwiki na Ruai. Nilidhani naenda mtaa, kumbe naenda mji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru peke yake. Jiji letu zima la Tanga halikufika laki nne kwenye sensa ya 2022. Kila upande linapanda ghorofa jipya la mawe ya kijivu yaliyochongwa, na malori ya mawe hayo yanapita mchana kutwa yakiacha vumbi jembamba midomoni. Ardhi yenyewe ni udongo mweusi. Katika msimu huu wa baridi kavu udongo huo umepasuka nyufa unazoweza kuingiza kiganja, na dada ananiambia ikinyesha unashika kiatu na haukiachii. Mbingu ni nzito, jua linachungulia saa saba, manyunyu yanapita bila kuomba ruhusa.

Sokoni nikasimama ghafla mbele ya rundo la machungwa yenye ganda la kijani. Nikamuuliza mama muuzaji yametoka wapi. "Tanzania," akasema. Ya Muheza, mjomba! Nilinunua moja kwa shilingi 20, karibu 400 zetu. Kwa hela hiyo shambani Muheza mtu anakujazia mikono yote miwili. Nikalila pale pale nimesimama, juisi ikinitiririka hadi kwenye kiwiko, na kwa dakika chache nikawa nyumbani.

Kuhusu adabu, usihuzunike ukiambiwa shikamoo haipo. Haipo kwa jina, lakini heshima ipo. Kijana anayekutana na mzee ngazini anashusha sauti, anatoa vidude vya muziki masikioni, anampisha. Watoto wanakupa ngumi ndogo ya kugonganisha na "Sasa?" iliyojaa furaha. Na dukani, ambako sisi tungesema "naomba sukari", hapa husemwa "nipe sukari", na muuzaji anaipima kwa tabasamu. Nimeizoea, na nimeona kwamba ukali wake ulikuwa kwenye sikio langu tu.

Kilichonishangaza zaidi siku ile ni mtoto wa pili wa dada, yule wa miaka tisa. Asubuhi alizungumza na bibi yake mzaa baba kwa simu, Kikamba safi. Akamgeukia mama yake kwa Kiswahili kuomba hela ya maandazi. Akafungua daftari la likizo na kusoma maswali kwa Kiingereza. Wenzake walipompigia mluzi chini ya ghorofa, akawajibu dirishani kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, ambayo sikushika hata robo. Yote hayo kabla chai haijapoa. Nilimtazama nikafikiri: huyu mtoto hajui kwamba anafanya kitu ambacho mahali pengine duniani watu wanalipia pesa nyingi.

Ijumaa nilikwenda mjini kwa matatu. Kondakta alining'inia mlangoni akiita "Soo! Soo!", yaani shilingi 100, na muziki ulikuwa unatikisa viti. Wakati wa kurudi nikaanza kuyaona matangazo. Kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za ujenzi, juu ya milango ya maduka ya dawa: jifunze Kijerumani, A1 hadi B2, madarasa ya asubuhi na jioni. Kifaransa kipo, Kichina kipo, Kiarabu kipo, lakini Kijerumani kimeshinda. Shemeji akanieleza sababu. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji na ajira mjini Berlin, Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz wakiwepo. Wajerumani wanazeeka, hospitali zao zinahitaji wauguzi, karakana zao zinahitaji mafundi. Mafunzo mengi ya kazi kule yanadai ngazi ya B1, na muuguzi anayetaka kutambuliwa rasmi kwa kawaida anaulizwa B2. Hivyo lugha imekuwa tiketi, na vijana wa Njiru wanaikata.

Kinyozi aliye chini ya ghorofa la dada ni mtu wa Bukavu, na yeye anakitetea Kifaransa. "Mama," aliniambia akinoa wembe, "Kongo tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Burundi wako, Rwanda wako. Mtu wa kuongea naye Kifaransa humtafuti kwa ndege." Nikaliweka neno lake akilini, kwa sababu lina uzito. Lugha unayoweza kuitumia ukiwa kwenye kiti cha kinyozi haisahauliki upesi.

Jumamosi, mjomba, ndiyo siku iliyobeba barua hii. Dada alinipeleka kwenye darasa la Kijerumani analosoma binti wa jirani, chumba kimoja orofa ya pili, madirisha yakitazama barabara ya Kangundo. Ada ya ngazi ya kwanza ni shilingi 18,000, karibu 345,000 zetu, na wengi hulipa kidogo kidogo. Palikuwa na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu lakini daftari wazi. Palikuwa na fundi bomba, na kijana mwenye shahada ya biashara, na mama aliyemleta mtoto mchanga mgongoni. Mwalimu ni dada wa Kikuyu aliyeisoma lugha hii hapa hapa Nairobi. Aliposikia kwamba kazi yangu ni kuwafundisha wageni Kiswahili, akanivutia kiti mbele na kuniita Mwalimu siku nzima.

Ukutani alibandika orodha inayojulikana sana kwa watu wa kazi yetu. Imetoka kwenye taasisi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inayowafundisha lugha maofisa wa ubalozi. Wao wamepima kwa miaka mingi ni wiki ngapi za darasa mtu wao, ambaye lugha yake ni Kiingereza, huhitaji ili aifanyie kazi lugha ya kigeni. Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno, Kiholanzi na Kinorwe huchukua wiki 24 hadi 30. Kijerumani huchukua wiki kama 36. Lugha nyingi za dunia ni 44, Kiamhari na Kisomali zikiwemo. Na chini kabisa zipo Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea, wiki 88. Sasa sikiliza: kwenye wiki 36, bega kwa bega na Kijerumani, imeandikwa Kiswahili.

Nilisoma mstari ule mara mbili. Mmarekani mtu mzima, aliyekaa darasani siku nzima na mwalimu wake, anahitaji wiki 36 kupata kile ambacho mtoto wa dada alikipata kabla ya kung'oa meno ya utoto. Na kwa mizani ile ile, umbali kutoka Kiingereza hadi Kiswahili ni sawa na umbali hadi Kijerumani, ingawa Kijerumani na Kiingereza ni ndugu wa ukoo mmoja. Sababu naijua kutokana na kazi yangu. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, mkazo wa neno hauhangaikii mahali pa kukaa, na sauti zake nyingi wageni wanazo tayari. Wanapokwama ni kwenye ngeli. Umwambie mgeni aseme "vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea" uone jasho.

Na hapo ndipo mwalimu yule alipoonyesha ufundi. Alianza na yale ambayo Kiingereza kinayatoa bure: Wasser, Haus, Hand, Milch. Darasa likacheka kwa raha, maana waliyaelewa kabla hajayaeleza. Kisha akafika kwenye kikwazo ambacho huwavunja moyo Waingereza na Wamarekani, kwamba kila jina la Kijerumani lina kundi lake kati ya makundi matatu: der Tisch, meza, die Tür, mlango, das Buch, kitabu. Akauliza, "Nani hapa anaongea lugha ya nyumbani?" Mikono ikapanda: Kikamba, Kikuyu, Kiluhya, Kimeru. "Basi ninyi mmezaliwa na makundi zaidi ya kumi mdomoni. Mtu, kiti, mti, jicho, ulimi. Mnabadilisha kila kitu kufuata jina bila kufikiri. Mtaogopa matatu?" Mjomba, niliwaona wakinyooka mgongo.

Hakuwadanganya kwamba njia yote ni tambarare. Makundi yale hayaonekani kwenye umbo la neno kama ngeli zetu, hivyo lazima uyakariri. Kitenzi hukimbilia mwisho wa sentensi ukisema "kwa sababu", na hilo halimo katika Kiingereza wala katika lugha zetu. Lakini irabu nyingi za Kijerumani hazikumtisha fundi bomba, kwa kuwa Kikuyu chake kina irabu saba, wakati Kiswahili tuna tano. Na ile sauti ya "kh" iliyo mwishoni mwa neno Bach, darasa zima walihangaika nayo. Mimi mtu wa pwani niliyelelewa na "kheri" na "khamsini" niliitoa mara ya kwanza, wakanipigia makofi.

Jambo moja lilinigusa hadi sasa linanikaa kifuani. Kijana mpya alikuja kujiandikisha. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya lugha anazozijua, naye akaandika Kiingereza, basi. Mwalimu akamrudishia karatasi. "Mama yako mnaongea naye nini?" Kikamba. "Mnaongea nini kwenye matatu?" Kiswahili. "Na wenzako wa mtaani?" Akacheka, akasema Sheng. "Andika zote." Akaandika, polepole, kwa aibu kidogo. Mwezi uliopita, tarehe 7 Julai, dunia iliadhimisha Siku ya Kiswahili, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Lakini huyu kijana, mwenye utajiri wote ule, alikuwa amefundishwa na maisha kuhesabu Kiingereza pekee kuwa lugha. Ningependa kila shule ya Tanga na ya Nairobi ione karatasi ile.

Usiku, upepo wa baridi ukipiga mabati ya jirani, niliwafikiria watu wetu waliokwenda njia hii kinyume. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha chuo cha lugha za mashariki mjini Berlin, na Kiswahili kilifundishwa pale. Waliwachukua walimu kutoka kwetu. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko kuanzia 1891 hadi 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900. Maofisa waliotaka kazi Afrika Mashariki walikaa mbele yao wakihangaika na ngeli zetu. Leo wajukuu wa Afrika Mashariki wanakaa Njiru wakihangaika na der, die, das, kwa sababu ile ile ya riziki. Lugha hufuata kazi, mjomba. Waliotawala walijua hivyo, na wanaotafuta maisha wanajua hivyo.

Jumapili ya tarehe 10 sikuzungumza habari za masomo na mtu. Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walicheza na Morocco uwanja wa Kasarani, ambao kutoka hapa unaufikia kwa barabara ya Mwiki, na Njiru nzima ilijazana mbele ya televisheni za vibanda. Jana yake Taifa Stars wetu walikuwa wameifunga Madagaska 2–1, hivyo nilikaa nimeinua kichwa. Nilipewa mayai ya kuchemsha yenye kachumbari na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi, kikombe kizito cha kupasha vidole joto. Ryan Ogam alipofunga bao, watu walimshukuru Mungu kwa lugha ambazo sikuweza kuzihesabu. Kenya ikashinda 1–0 ikiwa na wachezaji kumi. Nilipiga kelele kama mwenyeji.

Jumatatu nilikunywa chai kwa mama mmoja anayekaa mlango wa tatu, aliyefanya kazi za nyumbani Riyadh kwa miaka kadhaa. Hakuwahi kukanyaga darasa la Kiarabu. Kiarabu anacho, tena kinatiririka. Alimpigia simu rafiki yake wa kule nikasikiliza. Nikamuuliza aliwezaje lugha ambayo orodha ya Wamarekani inaipa wiki 88. "Nilipoingia jikoni," akasema, "sukari nilikuwa naijua, sabuni naijua, sahani, kahawa, birika. Saa naijua. Sita, saba, tisa nazijua. Nikajiambia, hawa watu si wageni sana." Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu, upweke ulimwumiza kuliko sarufi, na hakunificha hayo. Lakini mlango wa lugha alikuta umeegeshwa, haukufungwa.

Hapo, mjomba, ndipo nilipolipata jibu lako. Orodha ile ni kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mtu mwingine. Imepima kwa uaminifu mtu anayekuja na Kiingereza peke yake. Mimi sijakutana na mtu wa namna hiyo Njiru, na kijana wako si wa namna hiyo.

Kwa muuguzi wa Njiru ningesema Kijerumani bila kusita. Kiingereza chake kinampa maneno, Kikamba au Kikuyu chake kinampa moyo wa kuyapanga makundi, mkataba upo, na darasa liko ng'ambo ya barabara. Kwa mtoto wa kinyozi wa Bukavu ningesema Kifaransa. Lakini kijana wako amekua na Kisambaa cha bibi yake na Kiswahili cha Tanga, amesoma Kiingereza hadi kidato cha sita, na tangu utotoni amekaa madrasa akisoma herufi za Kiarabu kutoka kulia. Lugha ambayo Mmarekani anaambiwa ni miongoni mwa ngumu kuliko zote, yeye ameshaivuka hatua ambayo wengine huianza kwa hofu: maandishi na sauti. Hata kusema 21 kwa kutanguliza moja kisha ishirini, jambo ambalo darasa la Njiru lilikuwa linalikariri kwa Kijerumani, Kiarabu hufanya vile vile.

Sisemi atakimaliza kwa likizo moja. Kuisoma Qur'ani kwa sauti nzuri si kuelewa gazeti la Muscat. Wingi wa majina ya Kiarabu unavunja neno katikati, vitenzi vina mizani yake, na Kiarabu cha vitabuni si kile cha sokoni. Atahitaji mwalimu wa sarufi, kamusi nzuri, na mtu wa kuzungumza naye kila siku. Hao Tanga wapo. Pale Ngamiani kuna wazee waliofanya kazi Oman ambao wangefurahi kupata kijana wa kuwasikiliza baada ya swala ya alasiri, na hawatamtoza hata shilingi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla sijarudi. Mpe karatasi aandike lugha zote alizo nazo, asiache hata moja, na pembeni ya kila moja aandike inampa nini: sauti, herufi, maneno au watu. Kisha mwulize anataka kuishi na kufanya kazi na nani. Akisema hospitali za Ujerumani, nitamletea vitabu vya A1 kutoka hapa, nimeshaviulizia bei. Akisema Ghuba, au biashara ya pwani yetu, aanze Kiarabu wiki hii hii. Na akichagua tofauti na ninavyofikiri mimi, mwache aende nayo, mradi amejipima kwa mguu wake.

Nisalimie shangazi na majirani wote. Mwambie shangazi aniwekee samaki wa kukaanga na bada siku nikifika, maana ugali wa huku na sukuma wiki ni mtamu lakini bahari naikosa. Natarajia kupanda treni Alhamisi ijayo. Nikivuka Horohoro nitakupigia.

Ni mimi mpwa wako akupendaye.